Nyumba ya mbao yenye kinu cha matufaha: somo kwa anayetaka kujenga chumba cha kusindika nyumbani

Wiki mbili zilizopita kikundi kimoja cha vijana huku nyanda za juu kilinitumia picha ya mchoro waliouchora kwenye daftari. Wanataka kubandika chumba cha kusindika matunda kwenye nyumba ya mwenyekiti wao, waanze na juisi, mbele ya safari waingie kwenye divai. Hela ya tofali ipo, fundi yupo. Swali lilikuwa moja tu: "Bwana shamba, mlango tuweke wapi?"

Nilianza kujibu kwa simu, nikaona haitoshi. Mlango ukikosea, kila kitu ndani kinakosea. Kwa hiyo leo nawapeleka mbali kidogo, kwenye mkoa wa Herefordshire, magharibi mwa Uingereza, mpakani na Wales. Wakulima wa kule walilijibu swali hili zaidi ya miaka 300 iliyopita, na majengo yao bado yamesimama. Tunaweza kuona walipopatia na walipokosea bila kulipia ada ya majaribio.

Herefordshire ni nchi ya matufaha, haya ambayo sokoni mnayaita epo. Ila mengi si ya kula. Ni ya kukamua na kuchachusha kuwa saida, yaani kinywaji chenye kilevi kinachotokana na juisi ya matufaha, mara nyingi asilimia 5 hadi 7. Kwenye mashamba ya zamani kule, hasa ya karne ya 16 na 17, unakuta nyumba ya mkulima iliyojengwa kwa fremu ya mbao, na ubavuni imeunganishwa na jengo la kutengenezea saida. Nyumba za namna hii ni nyingi kiasi kwamba kwenye orodha ya majengo yanayolindwa na sheria Uingereza, maelezo ya "nyumba ya shamba na chumba cha saida kilichoungana nayo" yanajirudia. Mwenye nyumba iliyo kwenye orodha hiyo hawezi kubomoa wala kubadilisha hovyo bila kibali, hata kama ni mali yake.

Tuanze na nyumba yenyewe, maana kuna kitu pale ambacho babu zetu wangekitambua mara moja.

Fremu ni ya mti wa mwaloni. Waliukata na kuuchonga ukiwa mbichi, kwa sababu ukishakauka unakuwa mgumu kama chuma na patasi inakataa. Seremala alichonga vipande vyote chini, akavijaribisha, akachora alama za namba kwenye kila kiungo, kisha vikapelekwa kiwanjani kusimamishwa kwa kufuata zile namba. Hakuna misumari ya chuma kwenye viungo vikubwa. Kuna vigingi vya mti vilivyopigiliwa kwenye matundu. Mbao ilivyoendelea kukauka ikajikaza yenyewe juu ya vigingi. Ndiyo maana ukitazama nyumba hizo leo unaona nguzo zimepinda kidogo hapa na pale, lakini haziachii.

Katikati ya fremu sasa. Walisimamisha fito za mwaloni uliopasuliwa, wakasuka vijiti vyembamba katikati yake, halafu wakakandika kwa udongo uliochanganywa na samadi ya ng'ombe na majani makavu. Juu wakapaka chokaa. Umeiona hiyo? Ni nyumba ya fito na udongo, ile ile ambayo sisi tunaikimbia tukisema ni ya kimaskini. Tofauti ni kwamba yao imedumu miaka 300 na kitu, ya kwetu inaliwa na mchwa na mvua ndani ya miaka kumi.

Kisa ni nini? Chini ya mbao ya kwanza waliweka ukuta mfupi wa mawe, mbao isiguse udongo wala maji yanayoruka mvua ikinyesha. Paa likatoka nje ya ukuta kiasi cha kutosha. Na chokaa inapumua: unyevu ukiingia, unatoka. Karne iliyopita wamiliki wengi walikarabati nyumba hizi kwa plasta ya saruji wakidhani wanaziimarisha. Saruji ikafungia unyevu ndani, mwaloni uliodumu karne tatu ukaanza kuoza nyuma ya plasta bila mtu kuona. Kwa hiyo ukiwa na nyumba ya udongo ya wazazi inayosimama vizuri na unataka kuifanya stoo, usikimbilie kuipiga saruji. Kwanza tazama maji yanakwenda wapi.

Tufaha linavyosafiri

Sasa twende kwenye chumba cha saida. Ukitaka kukielewa, mfuate tufaha.

Mavuno ni kuanzia Septemba hadi Desemba, kutegemea aina. Walitikisa matawi kwa fimbo ndefu, matunda yakadondoka kwenye majani, wakayaokota. Chini ya miti hiyo mirefu kondoo na ng'ombe walikuwa wanalisha msimu mwingine, kwa hiyo ardhi moja ilitoa nyama na matunda. Matunda hayakukamuliwa siku ile ile. Yalirundikwa bustanini, au yakapandishwa darini juu ya kinu, yakae wiki mbili, tatu. Ndani ya muda huo wanga unageuka sukari na tunda linalainika. Kipimo chao kilikuwa kidole gumba: kikizama kwenye tunda bila kulazimisha, tayari.

Hiyo dari ndiyo ufundi wenyewe. Ni kama uchaga wetu wa mahindi, ila sakafu yake ina tundu. Tunda likiwa tayari unalisukuma tu, linaanguka kwenye kinu chini. Hakuna anayebeba gunia mara mbili. Mzigo mzito unapandishwa mara moja, na baada ya hapo uzito wake wenyewe unafanya kazi: juu matunda, chini kinu, chini zaidi pipa.

Kinu chenyewe ni mfereji wa mawe wa duara, na ndani yake jiwe la gurudumu lililosimama wima, urefu wa kifua cha mtu hivi. Farasi alifungwa kwenye mti uliopita katikati ya jiwe, akazunguka na kuzunguka, jiwe likaponda matufaha na mbegu zake. Waliokulia Unguja watakumbuka simulizi za kinu cha ufuta kinachovutwa na ngamia. Ni wazo lile lile, mnyama tofauti. Ndiyo maana mlango wa chumba cha saida ulikuwa mpana: farasi lazima apite, na mkokoteni lazima usogee karibu. (Farasi ndani ya chumba cha kinywaji, na kila anachodondosha farasi. Hilo msiige. Afisa wa afya atafunga duka lako kabla hujauza chupa ya kwanza.)

Pondo likatolewa kwa koleo la mbao, likatandazwa juu ya kitambaa kilichofumwa kwa singa za farasi, kitambaa kikakunjwa kama bahasha, juu yake kingine, na kingine, mpaka rundo likawa refu. Devon na Somerset walitumia majani makavu badala ya kitambaa. Rundo likaingia kwenye shinikizo la mbao lenye parafujo kubwa, wanaume wakakaza taratibu. Taratibu, nasisitiza. Ukikaza haraka, juisi haina njia ya kutoka na kitambaa kinapasuka. Vijana wengi wenye mashine za kukamua alizeti na parachichi wanalijua hili tatizo, hawajui tu kwamba ni la siku nyingi. Kwa mashine nzuri, tani moja ya matufaha inatoa lita 650 hadi 700 za juisi.

Makapi hayakutupwa. Yaliloweshwa maji na kukamuliwa tena yakatoa kinywaji chepesi cha vibarua, na kilichobaki wakala nguruwe na ng'ombe.

Juisi ikaingia kwenye mapipa ya mwaloni, makubwa, mengine karibu lita 500. Hawakutia hamira. Chachu ilikuwa tayari kwenye vitambaa, kwenye mbao za shinikizo, kwenye kuta. Mapipa yalikaa upande wa baridi wa jengo, na kwa kuwa ilikuwa inaelekea majira ya baridi, uchachu ulikwenda polepole mpaka miezi ya Machi na Aprili. Hapo ndipo saida nyingine ikatoka nzuri na nyingine siki, na mkulima asijue kwa nini. Siki inatokana na bakteria wanaohitaji hewa. Pipa lisilojazwa mpaka juu au lisilozibwa vizuri linawakaribisha. Ukijaza na kuziba umewanyima.

Kuhusu aina za matunda nitasema kidogo tu. Mwaka 1903 kilianzishwa kituo cha utafiti wa matunda na saida huko Long Ashton, karibu na Bristol, na matufaha ya saida yakagawanywa makundi manne kwa kipimo cha asidi na tanini, ile inayokausha ulimi kama ukila ndizi mbichi. Saida nzuri ni mchanganyiko wa makundi. Tunda tamu la mezani peke yake linatoa kinywaji kilichopooza. Anayepanda matunda ya kusindika asinunue miche kwa kuangalia uzuri wa tunda sokoni.

Kinachogusa juisi

Hapa ndipo nilitaka kufika, na ndipo pananiuma.

Kwenye karne ya 18 watu wa Devon walikuwa wanaugua ugonjwa wa ajabu kila msimu wa saida. Tumbo linakata vibaya, choo kinafunga, mikono inapooza kuanzia kwenye viganja, wengine wanakufa. Waliuita msokoto wa tumbo wa Devon. Watu walisema ni ukali wa asidi ya matufaha tu. Daktari mmoja, George Baker, mzaliwa wa Devon hiyo hiyo, akajiuliza swali rahisi sana: mbona Herefordshire wanakunywa saida nyingi vilevile na hawaugui hivyo?

Akaenda kuangalia vyombo. Devon, vinu na mashinikizo mengi vilikuwa na risasi: mawe yameunganishwa kwa risasi iliyoyeyushwa, sehemu nyingine zimetandikwa bati la risasi. Asidi ya matufaha inaila risasi na kuibeba kwenye kinywaji. Akapima saida ya Devon, akakuta risasi. Akapima ya Herefordshire, hakuna. Alichapisha matokeo mwaka 1767, na badala ya kushukuriwa akashambuliwa, hata na viongozi wa dini wa kwao, kwamba anaharibu biashara ya nyumbani. Lakini risasi ilipoanza kuondolewa kwenye vinu, ugonjwa ukapungua.

Sasa rudi kwenye kile chumba cha Herefordshire ukihesabu kila kitu kinachogusa juisi: jiwe, mbao, singa za farasi, mwaloni. Hata chuma cha kawaida walikiogopa kwa sababu kinafanya saida iwe nyeusi.

Mwaka wangu wa pili kazini nilikuwa nasimamia kikundi kimoja kilichotengeneza juisi ya rozela. Walipata oda ya ubatizo, lita nyingi kuliko walivyozoea, ndoo zikawa hazitoshi. Siku mbili kabla nilipita kuwakagua. Nikatazama lebo, nikatazama chujio, nikaonja, nikasema safi. Kwenye kona kulikuwa na pipa la bati jipya, linang'aa, limefunikwa kanga. Sikuuliza la nini. Juisi ililala usiku kucha kwenye pipa lile. Rozela ina asidi kali, na mng'ao wa bati ni zinki. Asidi inaila zinki kama ilivyokula risasi ya Devon. Siku ya sherehe watu wakaanza kutapika kabla ya chakula, watoto wakiwemo. Hakuna aliyekufa, namshukuru Mungu, lakini kikundi kilikufa. Nilipokwenda kuwaona, mama mzazi wa katibu alinipokea mlangoni, akaniuliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, si ulikuja juzi ukasema safi?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimesoma sura nzima ya usindikaji chuoni na nilijua habari ya asidi na metali. Sikukagua pipa kwa sababu lilikuwa jipya.

Kwa hiyo nikija kwako, usishangae nikianza na vyombo kabla ya salamu kwisha. Stenlesi sawa. Plastiki iliyotengenezwa kwa ajili ya chakula sawa. Kioo sawa. Bati la zinki, shaba, sufuria za alumini kwa kulaza juisi usiku, na madumu yaliyowahi kubeba dawa ya shambani, hapana. Hata likioshwa mara ngapi, hapana.

Nyumba na kazi chini ya paa moja

Kuunganisha chumba cha kazi na nyumba kulikuwa na faida zake. Moto wa jikoni ulikuwa karibu, mlinzi ni mwenye nyumba mwenyewe, ukuta mmoja unatumika mara mbili. Lakini kulikuwa na gharama ambayo mchoro hauonyeshi.

Mwaka 1763, baada ya Vita vya Miaka Saba, serikali ya Uingereza ilikuwa na madeni, ikaweka kodi ya shilingi 4 kwa kila pipa kubwa la saida, alipe mtengenezaji. Maofisa wa kodi wakapewa haki ya kuingia kukagua. Na kwa sababu chumba cha saida kimeungana na nyumba, kuingia kiwandani maana yake ni kuingia nyumbani kwa mtu. Mikoa ya matufaha ikachachamaa, kukawa na maandamano, William Pitt akaipinga bungeni, na mwaka 1766 kodi ikafutwa. Nyinyi hamtabahatika hivyo. Ukitaka kuuza kihalali, mkaguzi wa TBS atakuja, na kwa kileo utahitaji leseni juu yake. Jenga kwa namna ambayo akija anaona kila kitu cha kazi bila kupita kwenye kitanda cha mtu.

Gharama ya pili ni ya vibarua. Saida ikawa sehemu ya mshahara. Kibarua alipewa dumu lake kila siku, na wakati wa mavuno akapewa zaidi, huku hela mkononi ikiwa kidogo. Mkulima aliona ni nafuu kwake kwa kuwa kinywaji anacho stoo. Nyumbani kwa kibarua watoto hawali saida. Sheria ya mwaka 1887 ilikataza kuwalipa wafanyakazi wa mashambani kwa kileo. Nawajua vijana wanaolipa palizi kwa pombe ya kienyeji na wanajisifu wamebana matumizi. Mnajijua.

Mwaka huo huo wa 1887 kijana mmoja wa Credenhill, Percy Bulmer, alianza kutengeneza saida kwa matufaha ya bustani ya baba yake, mchungaji wa kijiji, akitumia kinu cha mawe cha jirani. Hakujenga kwanza. Aliazima. Mwaka uliofuata akahamia mjini Hereford, ndugu yake Fred akajiunga, na jina lao likawa kampuni kubwa ya saida ambayo leo iko mikononi mwa Heineken. Miaka michache kabla yake Henry Weston, mkulima wa kupanga pale Much Marcle, alianza kuuza saida mwaka 1880 kutoka shamba la The Bounds, na ukoo wake bado unatengeneza hapo hapo. Mmoja aliondoka kwenye chumba cha shamba, mwingine akakipanua. Mimi binafsi nampenda zaidi Weston, ila ukweli ni kwamba la Bulmer la kuazima kinu ndilo ningewashauri wengi wenu msimu wa kwanza.

Basi jibu la mlango. Milango iwe miwili. Wa matunda upande wa juu wa mteremko, mpana, toroli lifike. Wa bidhaa upande wa chini. Matunda machafu yasikutane na chupa safi njiani. Mlango wa kwenda jikoni au chumbani usiwepo kabisa, hata kama mama atalalamika kuzunguka nje. Sakafu iteremke kuelekea mfereji. Chumba cha kuhifadhia kiwe upande usiopigwa na jua. Kule kwao ni ukuta wa kaskazini kwa kuwa jua lao linapita kusini mwaka mzima, ila kwetu adui mkubwa ni ukuta wa magharibi saa tisa mchana. Na kabla ya kuchimba msingi, chukueni tunda moja halisi mkononi, mtembee nalo kwenye kamba mlizotandika chini: linaingia wapi, linaoshwa wapi, linapondwa wapi, makapi yanatokea wapi. Mkigongana, futeni mchoro.

Walifuta. Mchoro wa pili umeingia jana usiku. Mlango wa jikoni wameuziba, mteremko wameutumia vizuri, na pembeni wameandika "vyombo stenlesi" kwa kalamu nyekundu. Ila choo bado wamekiweka upande wa juu wa kisima. Jumamosi naenda na futi kamba.